Von Götzen: Upanga na Ghala la Nafaka
Mei 1894, Gustav Adolf von Götzen, kabaila wa Kijerumani na ofisa wa jeshi, aliuvuka mto Akagera hapo Rusumo, akaingia Rwanda. Mwami Kigeli Rwabugiri alimpokea Kageyo, ilhali Wajerumani walikwisha kuihesabu nchi hiyo milki yao.

Mwaka 1901 akawa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, askari wake walichoma mashamba na maghala ya nafaka. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, hukadiriwa kufikia 300,000. Yeye alifariki mwaka 1910, akiwa mjumbe wa Prussia mjini Hamburg.

Ndugu askari wa Kanombe, kumnyima raia chakula si ushujaa.