Malengelenge yasiyopona: pengine shida iko ndani ya kifua

Hapa Kapalata, mutu akitokewa na vidonda kwenye ngozi, majibu hayakosi. Jirani wa kwanza atasema ni mpox, kwa sababu tumeisikia sana kwenye redio tangu mwezi wa Agosti 2024, wakati OMS ilitangaza kama ugonjwa huo ni hatari kwa dunia nzima. Wa pili atasema kwa sauti ya chini kama ni SIDA. Wa tatu atataja jina la shangazi fulani na ulozi wake. Wa ine ataleta pomade yenye alinunua sokoni. Na mugonjwa anabakia paka pale, anangoja.

Kuko vidonda fulani vyenye havitoke kwa microbe, havitoke kwa damu chafu, wala kwa mutu. Vinatoka ndani ya mwili wenyewe: askari wa mwili wanageuza bunduki na kupiga nyumba yenye walipaswa kulinda. Na mara moja moja, wakati munganga anatafuta sababu ya vita hiyo, anaikuta mafasi yenye hakuna mutu aliifikiria: nyuma ya mufupa wa kifua, katika kiungo kidogo chenye kinaitwa timusi. Ni ugonjwa wa mara chache sana, hatutaki kuogopesha mutu. Lakini yule mwenye kuwa nao anaweza kupoteza mwaka muzima na feza za jamaa yote katika pomade, wakati uvimbe unakomaa pembeni ya moyo.

Shule ya askari

Timusi iko juu kidogo ya moyo. Kwa mutoto ni kubwa. Kiisha ubalehe inaanza kupunguka, na kwa muzee inabakia karibu mafuta tu. Kwa muda murefu wanganga waliiona kama kitu cha bure. Ni katika mwaka wa 1961 ndipo Jacques Miller, munganga muchunguzi aliyezaliwa Nice, Ufaransa, na kukomalia Australia, alionyesha kazi yake. Alikuwa akifanya kazi London. Alitoa timusi kwa panya wachanga, na akaona mambo mawili: panya wale walikuwa wakigonjwa ovyo ovyo, na walipobandikwa kipande cha ngozi ya panya mwingine, mwili wao haukukataa. Mwili ulikuwa umepoteza akili ya kutambua kitu cha kwake na kitu cha kigeni.

Watu wa Kapalata wataelewa vizuri, kwa sababu wanaishi karibu na kambi ya waaskari. Timusi ni kama centre ya mafundisho. Chembe za damu zinazoitwa limfositi T (ile T ni ya timusi) zinaingia pale kama vijana wapya. Zinaonyeshwa picha za viungo vyote vya mwili: ngozi, misuli, maini, tumbo. Ile yenye inarukia picha ya ngozi na kutaka kuiua, inatolewa palepale. Yenye inatulia, inapewa ruhusa ya kutoka na kwenda kulinda. Gene moja yenye jina la AIRE, yenye ilijulikana mwaka wa 1997, ndiyo inasaidia kuonyesha hizo picha.

Sasa uvimbe ukiota katika timusi, unaitwa timoma. Mara mingi unapata watu wakubwa, kati ya miaka 40 na 60 hivi, wanaume na wanawake sawasawa. Katika mingi ya hizo timoma, gene AIRE haifanye kazi. Shule inaendelea kutoa askari, lakini mwalimu hayuko na picha zimepotea. Askari wanatoka bila mafundisho, na wengine wanaanza kupiga raia.

Ngozi inalia kwa namna mingi

Ugonjwa wenye kujulikana zaidi wa timoma hauko wa ngozi. Unaitwa miastenia: misuli inachoka haraka, kope za macho zinaanguka, mutu anaona vitu viwili viwili, sauti inakuwa ya puani, chakula kinakwama. Asubuhi ana nguvu, magaribi amekwisha. Kati ya watu kumi wenye timoma, karibu watatu ao wane wanaupata. Ngozi inaguswa kwa watu wachache zaidi, lakini ikiguswa, inaonekana kwa namna hizi.

Ya kwanza ni pemfigusi. Malengelenge laini yanatokea, yanapasuka upesi, yanaacha nyama nyekundu yenye kutoa maji. Ngozi ya pembeni, ukiisugua kidogo, inachubuka. Mara mingi inaanza katika kinywa: vidonda kwenye ufizi, kwenye mashavu ya ndani, kwenye ulimi. Kuko aina moja kali zaidi yenye inakuja paka pamoja na uvimbe fulani katika mwili, mara mingi kansa ya limfositi, na mara ingine timoma. Grant Anhalt na wenzake, kule Marekani, ndio waliieleza mwaka wa 1990 kwa kuanzia na wagonjwa watano. Kwa hiyo aina, midomo inageuka ganda la damu, macho yanauma, na mapafu pia yanaweza kuharibika.

Ya pili ni likeni: madoa magumu ya rangi ya zambarau ao nyeusi yenye kuwasha, na ndani ya mashavu mistari myeupe kama wavu wa samaki. Ya tatu, nywele zinatoka kwa viraka vya mviringo. Ya ine ni vitiligo, ngozi inapoteza rangi. Ya tano, ule utando mweupe wa kinywa wenye watu wanaufikiria kuwa ni wa SIDA tu: askari wenye kukosa mafundisho wanaharibu silaha zenye mwili unatumia juu ya ule uyoga, na utando unarudia kila mara hata kama egzame ya VIH inasema hakuna kitu. Zaidi ya ile, tangu mwaka wa 1954, kwa kazi ya Robert Good, inajulikana kama watu fulani wenye timoma wanapungukiwa na kinga katika damu, na wanapata nimonia na kuhara bila kuisha.

Tuseme wazi: vitiligo peke yake, ao nywele kutoka peke yake, karibu kila mara haina uhusiano wowote na timusi. Hata pemfigusi, kwa wagonjwa wengi, inakuja bila uvimbe. Yenye inapaswa kuamusha munganga ni kuunganika kwa alama: vidonda vya kinywa vya miezi pamoja na kope zenye kuanguka, malengelenge pamoja na pumzi fupi, kikohozi ao kifua kizito, ngozi yenye kuharibika kwa mutu mwenye kukonda.

Kutenganisha na magonjwa ya hapa kwetu

Katika jimbo la Tshopo, magonjwa ya ngozi ni mingi, na munganga mwenye akili anaanza na yale ya kawaida. Mpox inakuja na homa na tezi za kuvimba. Mapele yake ni magumu, yanafika mpaka viganja na nyayo, na kwa kawaida inapona ndani ya majuma 2 mpaka 4. Zona inafuata mukanda wa upande mumoja wa mwili na inaunguza kama moto. Oncho, ile ya vinzi vya mito yetu, inawasha sana lakini haileti malengelenge ya kupasuka. Ngozi yenye inachubuka kwa ghafula, siku chache ao majuma machache kiisha kuanza dawa kama Bactrim, ni ajali ya dawa: ile ni urgence, dawa inaachwa siku ileile na mugonjwa anapelekwa hospitali.

Pemfigusi yenyewe haiambukize hata kidogo. Mama mwenye kuwa nayo anaweza kubeba mutoto wake, kulala na bwana yake, kupika sombe ya nyumba. Tunalisema kwa nguvu kwa sababu tunajua ginsi mambo yanapita katika parsele zetu. Mugonjwa anapewa sahani yake pekee, kiisha kiti chake pekee, kiisha chumba cha nyuma. Harufu ya vidonda inafukuza wageni. Halafu mutu anasema neno ulozi, na mugonjwa anajikuta na hukumu mbili: ya ngozi na ya jamaa. Wengine wanakatazwa hospitali kwa sababu «ugonjwa wa kutumwa hautibiwe na wazungu». Miezi yenye inapotea pale hairudi.

Dawa zenye zinaweza kuua

Kuko jambo moja lenye kila infirmiye wa Kisangani anapaswa kujua. Mutu mwenye miastenia anaweza kuacha kupumua kwa sababu ya dawa zenye ziko kwenye etajere ya kila kituo cha afya: kinini ya kuwekewa katika serumu, jentamisini, ciprofloxacine, sulfate ya magnésium. Mutu kama yule akigonjwa malaria kali, artesunate ndiyo inafaa kuliko kinini. Kwa hiyo, mbele ya mugonjwa mwenye vidonda vya kinywa vya siku mingi, muulize: macho yako yanafunga magaribi? Unashindwa kutafuna nyama? Ni maulizo mawili, hayaombe hata franka moja.

Hatari ya pili ni kortikoidi. Kwa kweli, prednisolone ndiyo dawa ya kwanza ya pemfigusi, na imeokoa watu wengi. Lakini haiko bombo. Inapandisha sukari, inaamusha kifua kikuu chenye kilikuwa kimelala, na inafungulia mulango minyoo fulani midogo ya udongo, anguillule, yenye inaweza kujaa mwili wote na kuua. Ndiyo maana, kwetu, munganga anachunguza kifua kikuu mbele ya kuanza, na anatoa ivermectine juu ya ile minyoo. Tena, mutu aliyekunywa prednisolone majuma mingi haiache kwa siku moja: inapunguzwa polepole. Na hizi pomade za kung'arisha ngozi zenye kujaa soko, mingi iko na kortikoidi kali ndani. Zinafunika ugonjwa, munganga anaona ngozi yenye kudanganya.

Njia kutoka Kapalata

Njia inaanza kwenye kituo cha afya cha karibu, lakini haipaswe kuishia pale. Vidonda vya kinywa ao malengelenge yenye kupita mwezi mumoja bila kupona, inaomba mugonjwa apandishwe hospitali kubwa. Universite ya Kisangani iko na kitivo chake cha uganga na kliniki zake, na ni pale tunashauri watu wafike na karatasi zao zote. Pale wanaweza kukata kipande kidogo cha ngozi kusudi kichunguzwe. Ile ni biopsia, na haieneze ugonjwa, sawa watu fulani wanavyosema. Na waombe picha ya radio ya kifua. Picha ile inaweza kukosa uvimbe mudogo, skanea ndiyo inaona vizuri zaidi. Lakini radio yenye kuonyesha kivuli katikati ya kifua imeisha kusema kitu. Ile kivuli isitibiwe ovyo kama kifua kikuu miezi sita wakati makohozi hayaonyeshe kitu.

Timoma ikipatikana, dawa kubwa ni kisu: kufungua mufupa wa kifua na kutoa timusi yote. Alfred Blalock alifanya operasyo ya namna ile mwaka wa 1936, kule Nashville, Marekani, kwa musichana mwenye miastenia, na nguvu zikarudia. Timoma mingi zinakomaa polepole, na zikitolewa mapema zote, mugonjwa anaweza kuishi miaka mingi. Ngozi yenyewe haitii kila mara: kwa wengine inapona, kwa wengine inaomba dawa tena, na mara chache inaanza kuharibika kiisha operasyo. Kwa hiyo kumufuata mugonjwa hakuishe siku anatoka hospitali.

Operasyo kama ile inaomba safari. Kinshasa iko karibu kilometa 1 700 kwa mto, na si kila jamaa iko na feza ya ndege. Wengine wanaangalia upande wa Kampala, kwenye Uganda Cancer Institute, hospitali ya kansa iliyofunguliwa Mulago mwaka wa 1967. Tunajua bei ya barabara ile na hatari zake. Ndiyo sababu kila mwezi wenye kupotea katika pomade unakula feza ya safari.

Wakati wa kungoja, jamaa inaweza kufanya mingi. Uoshe vidonda na maji yenye ilichemshwa na chumvi kidogo, na ile maji iwe imepoa. Umupe chakula laini na cha vuguvugu: bui, lituma yenye kulainishwa na supu ya samaki, bila pilipili. Mutu mwenye vidonda vingi anapoteza maji na nguvu, anapaswa kula kuliko wengine. Shuka inabandika kwenye nyama. Katika hospitali fulani za India wanalalisha wagonjwa juu ya majani ya ndizi yaliyopitishwa katika mvuke, kwa sababu hayabandike na hayaombe feza. Majani yale, Kisangani hatuyakose. Lakini majivu, mafuta ya gari na dawa za majani zenye hazijulikane, visiwekwe juu ya nyama wazi.

Kwa wale wenye kuwa na mugonjwa kama huyu nyumbani, shika karatasi moja na uandike vitu vinne: siku vidonda vilianza, dawa zote zenye alikunywa, ginsi macho na nguvu zake ziko asubuhi na magaribi, na kama anakohoa ao anakosa pumzi. Kiisha upeleke karatasi ile kwa munganga na umuombe, kwa heshima, aangalie kifua.