Pasi ya Msimu ya Vituo Vingi vya Skii: Je, Inastahili Bei Yake?

Kila mwaka ifikapo mwezi Machi, theluji ikiwa bado haijayeyuka milimani, kampuni zinazomiliki vituo vya skii nchini Marekani huanza kuuza pasi za msimu unaofuata. Matangazo ya pasi hizo huwafikia pia wakazi wa miji iliyo karibu na milima, kama vile Denver, Aurora na Salt Lake City, ambako zinaishi familia nyingi zinazozungumza Kiswahili. Baadhi yao watoto wao wamekwisha kuupenda mchezo huu shuleni, na wazazi hujikuta wakiulizwa swali ambalo hawakulitarajia: tununue pasi au tusinunue?

Makala haya yanaeleza namna pasi hizo zinavyofanya kazi, hesabu ambayo mlaji anapaswa kuifanya kabla ya kulipa, na masharti yanayostahili kusomwa kwa makini.

Pasi hizi ni nini?

Pasi ya msimu ni haki ya kupanda lifti za mlimani kwa kipindi chote cha baridi, ama bila kikomo ama kwa idadi maalumu ya siku. Zamani pasi ya namna hii ilihusu kituo kimoja, au vichache vilivyo jirani. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ilianzisha Epic Pass kwa bei ya dola 579, ikimruhusu mnunuzi kutumia vituo vyake vyote kwa pasi moja. Mwaka 2018 kampuni ya Alterra Mountain Company ilijibu kwa kuanzisha Ikon Pass.

Katika jimbo la Colorado, Epic Pass inatumika Vail, Beaver Creek, Breckenridge, Keystone na Crested Butte. Katika jimbo la Utah inatumika Park City. Ikon Pass inatumika bila kikomo katika vituo kama Winter Park, Steamboat na Copper Mountain, na kwa siku 7 katika vituo washirika kama Aspen Snowmass na Jackson Hole. Zipo pia pasi ndogo zaidi: Mountain Collective na Indy Pass, ambazo kila moja humpa mnunuzi siku 2 katika kila kituo kilichomo katika orodha yake.

Kwa msimu wa 2025/26, bei ya kuanzia ya Epic Pass kwa mtu mzima ilikuwa dola 1,051, na ya Ikon Pass dola 1,329. Kila kampuni huuza vilevile pasi ya daraja la chini: Epic Local ilianza kwa dola 783 na Ikon Base kwa dola 909. Pasi hizi nafuu huja na mipaka. Baadhi ya vituo vikubwa huondolewa katika orodha au huwekewa kikomo cha siku, na pasi huzuiwa katika baadhi ya siku za sikukuu, hasa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Kwa nini kampuni inapenda ununue mapema?

Kuelewa faida ya muuzaji ni nusu ya kuelewa mkataba. Biashara ya skii hutegemea theluji, na theluji haina ahadi. Msimu ukiwa mkavu, wageni hupungua na mapato hushuka. Kwa kuuza pasi tangu Machi hadi mwanzoni mwa Desemba, kampuni hukusanya fedha zake kabla mtu yeyote hajajua kama theluji itaanguka. Hatari ya hali ya hewa, ambayo zamani ilikuwa ya mwenye mlima, sasa huhamia kwa mnunuzi wa pasi. Punguzo la bei ni malipo ambayo mnunuzi hupewa kwa kukubali kuibeba hatari hiyo.

Biashara ya namna hiyo ni halali. Hata hivyo, mlaji anapaswa kujua kwamba ananunua vitu viwili kwa pamoja: siku za kuteleza kwenye theluji, na hatari ya kutozitumia.

Bei ya dirishani kama kipimo

Tangazo la pasi kwa kawaida hulinganisha bei yake na tiketi ya siku moja inayonunuliwa dirishani siku ileile. Tiketi hiyo katika vituo vikubwa, siku zenye watu wengi, imekwisha kupita dola 300. Ukigawanya dola 1,051 kwa 300, unapata siku 3 na nusu. Kwa hiyo muuzaji husema: ukienda siku 4 tu, pasi imekwisha kujilipa.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kipimo chake kina kasoro. Anayepanga bei ya dirishani ni yuleyule anayeuza pasi. Kadiri bei ya dirishani inavyopanda, ndivyo pasi inavyoonekana kuwa nafuu, hata kama bei ya pasi nayo imepanda. Zaidi ya hayo, ni mlaji asiyejipanga pekee anayelazimika kulipa bei ya dirishani. Kampuni hizohizo huuza mapema kadi za siku chache: Epic Day Pass kwa siku 1 hadi 7, na Ikon Session Pass kwa siku chache zilizochaguliwa. Bei ya siku moja katika kadi hizo huwa chini sana kuliko ya dirishani. Tena kuna vituo visivyomo katika pasi hizi mbili kubwa, kama vile Loveland, kilicho kando ya barabara kuu ya I-70 magharibi ya Denver, ambavyo huuza vifurushi vyao vya siku chache.

Tuseme, kwa mfano, umepata kadi ya siku kwa dola 120. Gawanya tena dola 1,051 kwa 120: sasa unahitaji siku 9 ili pasi ijilipe. Pasi ni ileile na mlima ni uleule, lakini kipimo kimebadilika na jibu limebadilika. Linganisha pasi na njia nafuu kabisa ambayo ungeitumia kama pasi isingekuwapo, wala si na njia ghali kabisa.

Hesabu ya familia

Tuchukue familia ya watu wanne inayoishi Aurora. Baba na mama wanafikiria kununua Epic Pass mbili kwa bei ya kuanzia, yaani dola 2,102. Wote wawili wanafanya kazi kwa zamu, na mmoja wao hupata Jumamosi moja tu kwa mwezi.

Wakienda siku 3 katika msimu mzima, wametumia siku 6 kwa jumla ya watu wawili. Kila siku ya mtu mmoja imewagharimu takriban dola 350, zaidi ya bei ya dirishani yenyewe. Wangenunua Epic Local mbili kwa dola 1,566, kila siku ingewagharimu dola 261. Wakienda siku 10 kwa Epic Pass, gharama hushuka hadi takriban dola 105, na hapo pasi huanza kuwa na maana.

Hiyo ni lifti peke yake. Kutoka Denver hadi Breckenridge ni takriban kilomita 130, na hadi Vail takriban kilomita 160. Weka mafuta ya gari, maegesho yanayolipiwa katika vituo vingi, kukodi viatu na skii, mavazi ya baridi, na chakula ambacho bei yake mlimani si ile ya mtaani. Gharama hizi hurudi kila safari, wala pasi haizipunguzi. Familia inayoweza kulipia pasi lakini haiwezi kulipia safari 10 imenunua kitu isichoweza kukitumia. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na hapa kamba ni idadi ya siku za mapumziko pamoja na gharama ya kila safari.

Ili kukadiria siku hizo kwa ukweli, chukua kalenda ya msimu uliopita. Hesabu Jumamosi na Jumapili ambazo ulikuwa huru, ukiwa mzima, na barabara ikiwa inapitika. Ondoa siku za ibada, za misiba na harusi, na za mitihani ya watoto. Zinazobaki ndizo siku zako.

Anayeanza asinunue pasi

Mtu ambaye hajawahi kuteleza kwenye theluji hana sababu ya kununua pasi ya vituo vingi katika msimu wake wa kwanza. Anachohitaji ni mafunzo. Vituo vingi huuza kifurushi cha anayeanza chenye mwalimu, vifaa vya kukodi na tiketi ya lifti za eneo la wanafunzi. Baada ya siku mbili au tatu utajua kama mchezo huu unakufaa. Wapo wanaoupenda mara moja, na wapo wanaogundua kwamba baridi na maporomoko haviwapendezi.

Kwa watoto, uliza kwanza programu za wanafunzi. Colorado na Utah zote zina mipango inayowapa wanafunzi wa shule za msingi siku kadhaa za lifti bila malipo au kwa ada ndogo. Katika vituo vingi watoto wa miaka 4 na chini hupanda lifti bure. Vilevile, kama kuna mtu katika kaya yenu anayefanya kazi katika kituo cha skii, iwe jikoni, hotelini au kwenye usafi, aulize ofisi ya waajiriwa kabla hamjanunua chochote. Mara nyingi mfanyakazi hupewa pasi, na katika baadhi ya vituo wategemezi wake hupata pasi bure au kwa punguzo.

Masharti ya kusoma kabla ya kulipa

*Marejesho.* Kwa kawaida fedha za pasi hazirudishwi kwa sababu tu umebadili nia. Mwezi Machi 2020, vituo vilipofungwa ghafla kwa sababu ya janga la korona, Vail Resorts iliwapa wenye pasi za msimu punguzo la kuanzia asilimia 20 katika ununuzi wa msimu uliofuata, badala ya kuwarudishia fedha taslimu. Baada ya hapo kampuni ilianzisha Epic Coverage, kinga isiyolipiwa zaidi, inayohusu mambo kama majeraha, kupoteza kazi na baadhi ya hali za kufungwa kwa vituo. Soma orodha ya yanayohusika na yasiyohusika, pamoja na tarehe za mwisho za kudai.

*Kituo kilicho wazi kwa sehemu.* Kituo kinaweza kuwa wazi huku sehemu kubwa ya mlima imefungwa. Walinzi wa usalama wa mlima wa Park City walipogoma kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 hadi tarehe 8 Januari 2025, wageni wengi waliokuwa wamelipia likizo yao walikuta njia chache na foleni ndefu. Usidhani kwamba hali kama hiyo, au uhaba wa theluji, inakupa haki ya kurudishiwa fedha. Itafute katika maandishi.

*Malipo ya awamu.* Epic Pass imekuwa ikiuzwa kwa malipo ya awali ya dola 49, na salio kukatwa katika kadi mwezi Septemba. Kiasi kidogo cha mwanzo kisikusahaulishe deni lililobaki. Andika tarehe hiyo, na uhakikishe fedha ya pango haitaguswa.

*Kujiandikisha upya.* Angalia kama pasi inajinunua yenyewe msimu unaofuata, na namna ya kusitisha.

*Kuazimana.* Pasi ni ya mtu mmoja, yenye jina na picha yake. Kumwazima ndugu au rafiki kunaweza kusababisha pasi kunyang'anywa bila fidia.

*Tangazo la mitandaoni.* Nunua kwa kampuni yenyewe au kwa wakala anayetambuliwa nayo. Anayekuuzia "pasi ya mtu aliyehama" kwa nusu bei anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa ufupi: nani anunue?

Pasi ya vituo vingi humfaa mtu anayejua kuteleza, aliye na uhakika wa siku 9 au 10 au zaidi, anayeishi karibu na vituo viwili au vitatu vya pasi hiyo, na anayeweza kuilipia bila mkopo. Kwa mwenye siku 2 hadi 6, kadi ya siku iliyonunuliwa mapema ndiyo chaguo la busara. Kwa anayeanza, kifurushi cha mafunzo kinatosha. Na orodha ya vituo 40 au zaidi isikuhadae: kama utakwenda viwili tu, unanunua viwili tu.

Ukiwa umekwisha kununua, kumbuka kwamba fedha iliyolipwa haiongezeki thamani kwa kujilazimisha. Kupanda mlima ukiwa na homa, au kuendesha gari katika dhoruba "ili pasi isipotee", ni kuongeza hasara ya pili juu ya ya kwanza.

Kama muuzaji amekiuka masharti yake, mwandikie kwanza na uhifadhi nakala ya barua, risiti na tangazo lililokushawishi. Asipokujibu, wasiliana na kampuni ya kadi yako ya malipo, kisha na kitengo cha ulinzi wa walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako. Uliza kama unaweza kupata mkalimani. Kuuliza si ujinga, na malalamiko yaliyoandikwa vizuri ndiyo yanayoziwezesha mamlaka kuona tatizo ambalo mtu mmoja peke yake hawezi kulionyesha.