Bia ya Moto, Tambarare na Mlimani

"Ya moto au ya baridi?" Hilo ndilo swali la mhudumu katika baa za Same, mji ulio chini ya milima ya Upare kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Mgeni hudhani anataniwa. Bia ya moto haikupashwa jikoni. Imetoka kwenye kreti bila kupitia friji, basi. Wapo wanaoicheka. Ila kwa anayekunywa bia nyeusi kali, yaani stauti, wazee wanaoagiza "ya moto" wana hoja, ingawa si kila mahali.

Ladha ya bia kwa sehemu kubwa ni harufu, na harufu haipandi puani mpaka kinywaji kipate joto kidogo. Stauti iliyotoka kwenye barafu hubakisha uchungu na gesi, na ulimi uliokufa ganzi. Ikiachwa kwenye glasi hadi nyuzi 10 au 14 za Selsiasi, ndipo hujitokeza kahawa, chokoleti, mkate uliobabuka na utamu unaokaribia sukari guru. Ikivuka hapo sana, kilevi hutangulia na gesi hukimbia.

Sasa, "ya moto" ya Same ni nyuzi ngapi? Stoo ya bati mchana wa Februari hupita 30 bila shida, na hapo hoja ya wazee inaanguka. Lakini hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, na juu ya mji huo kuna Shengena, kilele cha mita 2,462. Huko mlimani, Mbaga au Chome, usiku wa Julai, bia iliyolala sakafuni inakaribia kabisa kipimo cha waonjaji. Neno ni lilelile, kinywaji ni kingine.

Tofauti hiyo ya joto ina uzito zaidi kwa anayetaka kuiweka bia nyumbani ikomae. Kwanza ajue kwamba bia nyingi hazifai kuwekwa. Bia nyepesi ya rangi ya dhahabu iko katika ubora wake siku inapotoka kiwandani. Baada ya hapo oksijeni kidogo iliyobaki chupani huanza kuila. Zao mojawapo ni kemikali iitwayo nonenali, yenye harufu ya boksi lililolowa. Joto huharakisha kazi hiyo: kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi huzidi kwa mara 2 hadi 3. Kwa hiyo miezi 6 kwenye nyuzi 30 inaweza kuizeesha bia kama mwaka mzima, au zaidi, kwenye nyuzi 20. Jua nalo huvunja machungu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuzaa uvundo. Chupa ya kahawia hupunguza mwanga huo, lakini kreti lililoachwa mlangoni mwa duka bado linachemka.

Bia nyeusi kali huvumilia kwa sababu mbili. Kilevi chake kingi huwabana vijidudu waharibifu. Kisha kuna kimea kilichokaangwa hadi kuwa cheusi, ambacho huja na melanoidini, chembe za rangi zinazoweza kuipunguzia bia makali ya oksijeni. Ukaangaji huo ulipata chombo chake mwaka 1817, Daniel Wheeler wa Uingereza aliposajili pipa la kukaangia kimea, kama pipa la kahawa. Guinness kali inayouzwa nje ya Ireland ina asili ya mwaka 1801, katika bia iliyoongezwa nguvu na hopsi ili ifike visiwa vya Karibi ikiwa nzima. Na mwaka 1968 kiwanda kimoja cha Dorchester, Uingereza, kilitoa Thomas Hardy's Ale, bia ya kuadhimisha miaka 40 tangu mwandishi Thomas Hardy afariki, kikadai kwamba ingekaa miaka 25. Hiyo ilikuwa na hamira hai ndani ya chupa. Stauti za dukani kwa kawaida huchujwa na kupashwa moto kiwandani, kwa hiyo mwenye subira ya mwaka mmoja asitarajie muujiza: uchungu hulainika, utamu husogea mbele, pengine na harufu ya zabibu kavu.

Upande wa pili kabisa iko dengelua, pombe ya miwa. Haijachujwa wala kupashwa, hamira bado inafanya kazi, na bakteria wa siki wanangoja zamu yao. Hainunuliwi ili iwekwe. Inanyweka leo, keshokutwa ni kali nyingine.

Anayetaka kujaribu anunue chupa nne za stauti zenye tarehe moja. Mbili azisimamishe kwenye kabati la giza mjini Same, mbili azipeleke mlimani. Kabla tarehe ya mwisho haijafika azikutanishe, zote zipozwe sawasawa, kisha mwenzake amimine glasi tatu: mbili za chupa moja, ya tatu ya upande mwingine. Kazi ni kutambua iliyo tofauti. Viwandani huliita jaribio la pembetatu, nalo limeaibisha ndimi nyingi zilizojisifu.

Kikwazo kipo kwenye kumpata wa kukaa na chupa za mlimani. Wamisionari wa Kisabato walifika Mamba Giti, kwenye milima hiyo ya Upare, mwaka 1903, na hadi leo Upare wa Kusini una Wasabato wengi, ambao kanisa lao hukataza kilevi. Kwa mtafiti hilo si baya: chupa zitakutwa zote mbili, zimejaa, mradi tu mwenye nyumba akubali kuzipokea.