Charles Newton (mtafiti)

Charles Newton ni daktari wa watoto na mtafiti wa magonjwa ya ubongo anayejulikana hasa kwa kazi yake ya Kilifi, katika pwani ya Kenya. Amechunguza jinsi malaria kali inavyodhuru ubongo wa mtoto, jinsi madhara hayo yanavyoweza kuacha kifafa, na ukubwa wa tatizo la kifafa vijijini katika Afrika. Ni profesa wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza.

Elimu na kazi

Newton alihitimu udaktari Cape Town, Afrika Kusini, kisha akasomea matibabu ya watoto Manchester na London. Mwaka 1989 alikwenda Kilifi kama mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Oxford, kusaidia kuanzisha kituo cha kuchunguza malaria kali ya watoto. Kituo hicho, kilichopo kando ya hospitali ya Kilifi, kilikua na kuwa Programu ya Utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust.

Baadaye alikaa miaka miwili katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, akichunguza namna maambukizi yanavyoharibu ubongo. Alikamilisha mafunzo ya magonjwa ya mishipa ya fahamu ya watoto katika hospitali ya Great Ormond Street, London. Mwaka 1998 alirudi Kilifi kuendelea na utafiti.

Degedege na kifafa

Ili kuelewa kazi hiyo ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Degedege ni mtukutiko unaompata mtoto mdogo akiwa na homa. Kifafa ni hali ya ubongo ambapo mitukutiko hurudia bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Mtoto aliyepata degedege mara moja si mgonjwa wa kifafa, na wengi wa watoto hao hukua bila tatizo lolote.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa hadi Tanga na Bagamoyo, watu wengi wameamini kwamba degedege huletwa na ndege au shetani anayempitia mtoto. Ndiyo maana neno lenyewe lafanana na "dege", na wengine husema "nyuni", neno la zamani lenye maana ya ndege. Imani hiyo ina athari kubwa. Mzazi anayeona ugonjwa ni wa shetani hutangulia kwa mganga, na saa zinazopotea njiani ndizo ambazo ubongo wa mtoto mwenye malaria kali unazihitaji.

Malaria ya ubongo

Vimelea vya Plasmodium falciparum vikiingia katika chembe nyekundu za damu, chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ile ya ubongo. Damu hupita kwa shida, na mtoto anaweza kupoteza fahamu. Mwaka 1991 Newton na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyoonyesha kwamba shinikizo ndani ya fuvu la watoto wenye malaria ya ubongo lilikuwa limepanda.

Swali lililofuata lilikuwa ni nini kinachoongeza shinikizo hilo. Jibu lilitafutwa kwa picha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, watoto 14 wa Kenya waliokuwa wamepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo walipigwa picha za CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ubongo vipande kwa vipande. Sita kati yao walikuwa na ubongo uliovimba. Wanne kati ya hao sita walikuwa pia na maeneo mapana yaliyoonyesha kukosa damu ya kutosha, na wote wanne walibaki na ulemavu mkubwa wa ubongo. Muundo wa madhara ulilingana na upungufu wa damu inayofika kwenye ubongo, kushuka kwa sukari mwilini, au mitukutiko iliyodumu muda mrefu. Mambo haya yote daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuyatafuta na kuyatibu hata kama hana mashine ya picha.

Picha bora zaidi zilipatikana baadaye Blantyre, Malawi, ambako timu ya Terrie Taylor ilitumia MRI, mashine inayotumia sumaku badala ya eksirei. Mwaka 2015 timu hiyo ilitangaza kwamba kati ya watoto 168 waliopigwa picha walikufa 25, na 21 kati ya waliokufa walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo walipolazwa.

Kuzuia mitukutiko nako si jambo jepesi. Mwaka 2000 watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Jane Crawley walichapisha jaribio la dawa ya fenobabitali kwa watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Mitukutiko ilipungua, lakini vifo vilikuwa 30 kwa waliopewa dawa na 14 kwa wasiopewa. Jaribio hilo lilionyesha kwamba dawa inayotuliza mwili yaweza kuhatarisha pumzi ya mtoto, hivyo dozi kubwa isitolewe kwa kinga pale ambapo hakuna mashine ya kupumulia.

Kutoka malaria hadi kifafa

Mtoto akipona malaria na kuruhusiwa kurudi nyumbani, je, mambo yamekwisha? Utafiti wa Kilifi wa mwaka 2004, ulioongozwa na Julie Carter na ambao Newton alishiriki, ulijibu kwamba hapana. Miaka kadhaa baada ya kuugua, kifafa kilipatikana kwa asilimia 9.2 ya watoto waliokuwa na malaria ya ubongo, na asilimia 11.5 ya waliokuwa na malaria yenye mitukutiko mikali. Kwa watoto ambao hawakupata magonjwa hayo kilikuwa asilimia 2.2 tu. Kwa hiyo chandarua na matibabu ya mapema huzuia malaria, na pia huweza kuzuia kifafa cha miaka ya baadaye.

Utafiti wa vituo vitano

Newton alikuwa miongoni mwa viongozi wa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, ambao mwandishi wake wa kwanza alikuwa Anthony Ngugi. Watu 586,607 waliulizwa nyumba kwa nyumba katika maeneo matano. Idadi ya wenye kifafa cha mitukutiko kinachoendelea, kwa kila watu 1,000, ilikadiriwa hivi:

Ifakara, Tanzania: 14.8
Iganga na Mayuge, Uganda: 10.3
Kintampo, Ghana: 10.1
Kilifi, Kenya: 7.8
Agincourt, Afrika Kusini: 7.0

Kwa watoto, visababishi vilivyojitokeza ni matatizo wakati wa ujauzito na baada ya kuzaliwa, pamoja na kuumia kichwa. Kwa watu wazima ilionekana pia mchango wa vimelea, kama tegu wa nguruwe na minyoo ya usubi. Sehemu kubwa ya kifafa hicho ingeweza kuzuiwa kwa huduma bora za uzazi na usafi wa mazingira.

Utafiti mwingine wa Kilifi, wa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 754 na kukuta vifo 61. Hatari ya kufa ilikuwa mara 6.5 ya ile ya watu wengine wa eneo hilo. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na kifafa chenyewe, hasa mitukutiko isiyokoma, na wasiofuata dawa walikuwa katika hatari mara tatu zaidi.

Utafiti unaohusiana nchini Tanzania

Nchini Tanzania kazi ya aina hii ilianza kabla ya Newton. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, wilaya ya Ulanga, karibu na mwaka 1960, na akaeleza ugonjwa wa watoto wa kutikisa kichwa. Mwaka 2008 timu ya Andrea Winkler ilichapisha picha za MRI za wagonjwa 12 wa Mahenge wenye hali hiyo. Wanane walikuwa na dalili za madhara katika ubongo. Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Tanga, alionyesha na wenzake mwaka 2018 kwamba kifafa bado kilikuwa kingi katika vijiji vya Mahenge vyenye usubi, baada ya miaka 20 ya kugawa dawa ya ivamektini.

Umuhimu

Mashine za CT na MRI ziko katika miji mikubwa, lakini wagonjwa wengi wako vijijini. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mkwaja, wilaya ya Pangani, aliyetaka kufika hospitali ya wilaya alilazimika kuvuka Mto Pangani kwa kivuko. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, umuhimu wa utafiti wa Kilifi ni kwamba unaonyesha yanayoweza kufanyika bila mashine. Kifafa kinaweza kutambuliwa kwa maelezo mazuri ya mtu aliyeshuhudia mtukutiko. Dawa kama fenobabitali, ikitolewa kila siku kwa kiwango cha mgonjwa wa kifafa, ni ya bei nafuu, na haifai kuachwa ghafla bila ushauri wa daktari.

Kifafa hakiambukizi, wala povu la mgonjwa halina madhara. Anayetukutika aondolewe karibu na moto na maji, alazwe ubavu, wala asitiwe kijiko au kitu chochote mdomoni. Mtukutiko ukizidi dakika tano apelekwe hospitali mara moja.