Jinsi ya Kutengeneza Kipeperushi cha Biashara Ukiwa Nyumbani

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Makutano hutegemea wapita njia. Msafiri anayeshuka kwenye matatu, akiwa na haraka ya kupata gari la Maua, Nanyuki au kuingia katikati ya mji wa Meru, hana nafasi ya kusimama na kusoma. Ukimpa karatasi ataitupia jicho mara moja, kisha ataitia mfukoni au ataiangusha mtaroni. Kwa mwenye saluni, fundi wa nguo au mfugaji wa kuku, sekunde hizo chache ndizo zinazoamua kama pesa za karatasi na wino zitarudi.

Kipeperushi kizuri kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa simu au kompyuta, bila kumlipa mchoraji. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata, pamoja na mambo ya kisheria ambayo mkazi anapaswa kuyajua kabla ya kugawa au kubandika tangazo lake.

Anza na maneno

Kabla ya kugusa simu, chukua daftari na ujibu maswali matano. Unauza nini? Ni bei gani? Uko wapi? Unafungua siku na saa gani? Mteja atakupata vipi? Neno lolote lisilojibu mojawapo ya maswali hayo liondoe.

Tuchukue mfano wa fundi wa nguo. Akiandika "Karibuni nyote kwa huduma bora za ushonaji kwa bei nafuu", hajasema lolote ambalo fundi jirani hawezi kulisema. Lakini akiandika "Sare za shule kwa siku 2. Leta kipimo Jumatatu, chukua Jumatano", mzazi mwenye haja hiyo ataihifadhi karatasi. Kichwa kiwe kile ambacho mteja anakitafuta. Jina la biashara linaweza kukaa chini kwa herufi ndogo zaidi.

Eleza mahali ulipo kwa ukamilifu. Kenya ina Makutano nyingi: ipo ya hapa Meru, ipo ya Embu karibu na mpaka wa Kirinyaga, na ipo ya Pokot Magharibi karibu na Kapenguria. Picha ya kipeperushi ikianza kusambazwa kwenye WhatsApp, mtu wa mbali hatajua unazungumzia ipi. Andika mji, kaunti na alama inayojulikana, kama vile kanisa, kituo cha mafuta au stendi.

Tumia lugha ya wateja wako. Kiswahili kitamfikia msafiri na mkazi wa mji. Kama wateja wako wengi ni wakulima wa vijijini, kichwa cha Kimeru na maelezo ya Kiswahili vinaweza kukaa pamoja. Usijaze lugha tatu kwenye karatasi moja ndogo.

Chagua ukubwa

Karatasi ya kawaida ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ikunje katikati upate A5, ikunje tena upate A6 yenye milimita 105 kwa 148. Ukubwa huu wa A6 unatosha mkononi na mfukoni, na kila A4 moja hutoa vipeperushi vinne. Karatasi 50 zitakupa vipeperushi 200, na rimu moja ya karatasi 500 itakupa 2,000.

Programu kama Canva, Microsoft Word na LibreOffice zinaweza kufanya kazi hii. LibreOffice ni ya bure, na Canva ina huduma ya bure inayofanya kazi kwenye simu. Chagua ukubwa wa karatasi kabla ya kuanza kupanga maneno. Ukiubadilisha mwishoni, kila kitu kitahama.

Mpangilio na rangi

Weka jambo moja liwe kubwa kuliko mengine yote. Kwenye A6, kichwa kinaweza kuwa na herufi za pointi 24 au zaidi, na maelezo yasipungue pointi 10 ili mzee asihitaji miwani ya kuazima. Tumia aina moja au mbili za herufi. Acha nafasi tupu kuzunguka maneno, kwa sababu karatasi iliyojaa pande zote huchosha jicho. Kwa tangazo la kubandika ukutani, kanuni inayotumiwa na wachora mabango ni herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji.

Picha moja iliyo wazi inatosha. Ipige mchana, nje au karibu na dirisha. Kwa kipeperushi cha A6 picha inayojaza ukurasa ihitaji takriban piseli 1,240 kwa 1,748. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, hivyo itume kama hati.

Kuhusu rangi, kumbuka kwamba skrini hutoa mwanga, ilhali printa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye simu kitafifia kwenye karatasi. Epuka pia kujaza ukurasa mzima rangi nzito, kwa kuwa inamaliza wino na kulowesha karatasi. Njia ya bei nafuu ya kuvutia macho ni kuchapisha kwa wino mweusi kwenye karatasi ya njano au ya rangi nyingine nyepesi.

Kuchapisha

Printa nyingi za nyumbani haziwezi kuchapisha hadi ukingoni, kwa hiyo acha pambizo ya angalau milimita 5 kila upande wa kila kipeperushi. Hifadhi kazi kama PDF ili mpangilio usivurugike ukiihamishia kwenye mashine nyingine.

Ni muhimu kujua aina ya printa. Ile ya wino wa maji hutoa picha za rangi nzuri, lakini wino wake mara nyingi huchuruzika ukilowa. Ile ya leza hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto na kugandishwa kwenye karatasi, na mashine ya fotokopi hutumia njia hiyo hiyo. Kwa msimu wa mvua wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, vipeperushi vya leza au fotokopi vitadumu zaidi.

Kama printa yako ni ya wino wa maji, unaweza kuchapisha nakala mama moja iliyo safi na kutoa nyingine kwa fotokopi kwenye saiba. Piga hesabu kwanza. Tuseme ukurasa mmoja wa fotokopi ni shilingi 5. Kurasa 50 zitagharimu shilingi 250, na ukizikata mara nne utapata vipeperushi 200. Kila kimoja kitakuwa kimekugharimu shilingi 1 na senti 25. Jiulize ni wateja wangapi wapya wanaohitajika ili kurudisha pesa hizo.

Hakiki kabla ya kuzidisha

Chapisha nakala moja tu, kisha mpe mtu ambaye hajui biashara yako. Baada ya sekunde tano ichukue na umuulize unauza nini na uko wapi. Akishindwa kujibu, rudi kwenye mpangilio.

Piga nambari ya simu ukiisoma kutoka kwenye karatasi yenyewe. Kama umeweka nambari ya Till ya M-Pesa, jaribu kulipa shilingi chache uone jina linalotokea. Tarakimu moja ikikosewa kwenye nakala 200, pesa ya mteja inaweza kumwendea mtu mwingine, na lawama itakurudia wewe.

Sheria na usafi

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje. Ada huwekwa kupitia Sheria ya Fedha ya kaunti. Kabla ya kubandika tangazo mahali pa umma, uliza katika ofisi ya mapato iliyo karibu nawe kama kibali kinahitajika. Usibandike juu ya alama za barabarani: dereva asiyeona alama ni hatari kwa kila mtu. Ukuta wa mtu binafsi unahitaji ruhusa ya mwenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu ambaye picha yake inatumika kibiashara. Pata idhini ya mteja kabla ya kuweka sura yake kwenye tangazo, na kwa mtoto pata idhini ya mzazi au mlezi. Picha na michoro ya watu wengine kwenye intaneti pia ina wenyewe. Usitumie nembo ya taifa wala ya kaunti kwenye tangazo la biashara, kwani msomaji ataamini kwamba serikali imekudhamini.

Mwisho, mpe mtu karatasi mkononi badala ya kuzirusha stendi. Zikianguka, mvua huzisukuma hadi mitaroni, na mtaro ukiziba maji huingia kwenye vibanda vyetu wenyewe. Gawa chache siku ya soko, uliza kila mteja mpya amekujuaje, na uandike majibu. Baada ya wiki mbili utajua kama inafaa kuchapisha nyingine au kubadilisha maneno.