Feza ya mavuno inalala wapi? Kongo na Kenya



Mwezi wa 5 tunauzisha mahindi, feza inaingia mkononi. Mwezi wa 11 mvua inarudi, tunatafuta mbegu na mbolea, na feza haiko tena. Kwa miezi ile 6 ililala wapi? Chini ya godoro, ndani ya likelemba, ao kwa jirani aliyekopa. Wengi wetu, huku pembeni ya Lubumbashi, hatujaingia banki hata siku moja.

Tuangalie wenzetu wa Kenya. Banki ya Dunia iliuliza watu wakubwa wa inchi mingi kama wako na konti, ya banki ao ya telefoni. Mwaka 2011, kwa watu 100 wa Kenya, 42 walikuwa nayo. Kwetu walikuwa 4 tu. Mwaka 2017 Kenya ilifika 82, sisi 26. Tumepanda, ni kweli, lakini wao walipanda zaidi.

Sababu ni nini? Kwanza, sisi tuliunguzwa. Mwaka 1993 serikali iligeuza zaire milioni 3 kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zikawa falanga 1. Hesabu mwenyewe: aliyekuwa na zaire za zamani miliari 300 alipewa falanga moja. Wazazi wetu hawakusahau, na sisi tulifundishwa kuogopa.

Kenya walijengea juu ya kooperative. Banki yao ya kooperative ilifungua mlango mwaka 1968. Feza ya kahawa na ya maziwa ilipitia kwenye vyama vya akiba, na jina la kila mkulima liliandikwa. Kisha M-Pesa ikaanza mwaka 2007. Kwetu ilifika mwaka 2012.

Leo banki za Kenya ziko hapa kwetu. Equity ilichukua BCDC mwaka 2020. KCB ilinunua sehemu kubwa ya TMB, banki iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004. Lakini banki, iwe ya nani, itauliza kitu kimoja mbele ya kukopesha: onyesha maandiko. Mavuno yako ya mwaka jana ni mifuko ngapi? Uliuzisha bei gani? Deni ulilipa lini? Mkulima wa Kenya anatoa kitabu cha chama chake. Sisi tunatoa nini?

Tunaweza kuanza bila kungojea mutu:

1. Kooperative iandikishwe. Kwa sheria ya OHADA, watu 5 wanatosha kwa kooperative ndogo.
2. Konti iwe kwa jina la kooperative, si kwa telefoni ya mutunza-feza peke yake. Watu wawili waweke sahihi.
3. Kila mfuko unaouzishwa uandikwe siku ileile, na kitabu kisomwe mbele ya wote kila mwezi.
4. Ulizeni gharama ya kutoa feza mbele ya kuweka. Na kwa sababu falanga inaweza kushuka, fikirini ni sehemu gani ikae katika dolari.

Likelemba msiiache: imetufundisha kuaminiana. Ila likelemba haiwezi kulipa mbolea ya kijiji kizima.

Kwa mkutano ujao, mwenyekiti aulize swali moja tu: kitabu chetu kiko wapi, na nani anakisoma?