Kuku Huyu ni wa Aina Gani? Namna ya Kusoma Umbo la Kuku wa Uani

Jina "kuku wa kienyeji" limebeba kuku wengi wasiofanana. Katika ua mmoja wa Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, anaweza kuonekana jogoo mrefu mwenye kifua kilichoinuka, tetea mwenye shingo isiyo na manyoya, na mwingine mfupi ambaye tumbo lake karibu liguse vumbi. Wote hulala kwenye tembe moja, hula punje za mtama na uwele zinazomwagika wakati wa kupura, na jogoo wa jirani huwapanda matetea wa nyumba zote za karibu. Kwa vizazi vingi hakuna aliyewatenga. Ndiyo maana kuku wa nyanda za kati za Tanzania hatambuliwi kwa kutazamwa mara moja. Hutambuliwa kwa kusomwa sehemu baada ya sehemu: kwanza umbo na miguu, kisha upanga, kisha manyoya, kisha ngozi, na rangi huja mwisho.

Umbo na miguu

Wataalamu wa mifugo nchini wamewagawa kuku wa asili katika makundi yanayojulikana kwa umbo na kwa eneo yanakopatikana zaidi. Miongoni mwa yaliyochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni Kuchi, Ching'wekwe, Singamagazi, Mbeya, Morogoro wa umbo la kati, na wale wa Pemba na Unguja.

Kuchi ndiye rahisi kumjua. Husimama wima, shingo ndefu, miguu mirefu yenye nguvu, mabega mapana, mdomo mfupi uliopinda, na manyoya machache yaliyobana mwili kiasi kwamba ngozi ya kifua huonekana. Jogoo aliyekomaa hufikia kilo 2.5 na kupita. Ni mgomvi, na uhodari wake wa kupigana umempa umaarufu kanda ya ziwa na pwani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba Kuchi yuko karibu na kuku wa kupigana wa Japani waitwao Shamo, wakati wenzake waliochunguzwa pamoja naye wanaelekea zaidi kwa kuku wa Bara Hindi. Kwa hiyo tofauti inayoonekana kwa macho ina mizizi ya kweli: mababu zao walifika Afrika Mashariki kwa njia mbili.

Ching'wekwe yuko upande wa pili. Miguu yake ni mifupi, mwili ni mdogo, na hata jogoo mara nyingi hazidi sana kilo 1.5. Hupatikana Morogoro na maeneo ya jirani ya kati. Singamagazi, anayehusishwa na Tabora, ana mwili mkubwa lakini hana mwonekano wa kibondia wa Kuchi. Kuku wengi wa Dodoma na Singida wako katikati ya hawa: umbo la wastani, miguu ya wastani, wepesi wa kukimbia na kuruka juu ya mti jioni.

Ni muhimu kupima umbo kwa kuku aliyekomaa. Pora wa miezi minne huonekana mwenye miguu mirefu hata kama si Kuchi, kwa sababu mifupa yake imetangulia nyama. Kwa jogoo, umri husomwa kwenye kikwaru, yaani ule mwiba wa nyuma ya mguu: kikiwa kinundu kidogo tu, jogoo bado mchanga.

Upanga

Upanga, ile nyama nyekundu ya juu ya kichwa, hubadilika kidogo sana kwa chakula au hali ya hewa, ingawa ukubwa na wekundu wake hutegemea afya na utagaji. Kuna miundo minne ya kuitafuta. Wa kwanza na ulioenea zaidi ni upanga mmoja uliosimama, wenye meno kama msumeno. Wa pili umelala chini na una mistari mitatu ya vipele kama njegere zilizopangwa. Wa tatu ni mpana na bapa, umejaa vipele, na nyuma huchongoka. Wa nne ni kinundu kifupi kilichokunjamana kama nusu ya jozi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanasayansi wa Uingereza William Bateson na Reginald Punnett waligundua kwamba muundo wa nne huzaliwa pale kuku wa upanga wa pili anapochanganywa na wa tatu. Kwa mfugaji wa uani hilo lina maana ya moja kwa moja. Kuchi kwa kawaida ana upanga mdogo wa vipele au wa kinundu. Kuku mwenye miguu mirefu lakini mwenye upanga mkubwa wa msumeno ana uwezekano mkubwa wa kuwa mchanganyiko.

Manyoya

Kishingo, kidimu na bukini mara nyingi hutajwa kama aina za kuku. Kwa usahihi zaidi, haya ni majina ya sifa. Kila sifa hutokana na kinasaba kimoja, na inaweza kukaa juu ya Kuchi, juu ya kuku mfupi, au juu ya kuku wa kawaida kabisa.

Kishingo hana manyoya shingoni. Sifa hii ina nguvu: kifaranga akiirithi hata kwa mzazi mmoja tu, huionyesha. Anayemshika kishingo mkononi anaweza hata kusoma wazazi wake. Sehemu ya mbele ya shingo, chini karibu na kifua, itazamwe vizuri. Pakiwa na kifundo cha manyoya kama kitambaa kilichofungwa, kuku amerithi sifa hiyo kwa mzazi mmoja tu, na akipandana na kuku wa kawaida, karibu nusu ya vifaranga watakuwa vishingo. Shingo ikiwa tupu hadi chini, au ikabaki na vijinyoya vichache tu, amerithi kwa wazazi wote wawili, na vifaranga wake wote watakuwa vishingo. Kishingo hupungukiwa manyoya mwili mzima, si shingoni peke yake, kwa hiyo hupoteza joto kwa urahisi. Katika nchi kavu yenye jua kali kama Dodoma, hiyo ni faida kubwa. Usiku wa Juni na Julai, upepo wa baridi unapovuma, vifaranga vishingo huhitaji banda lililozibwa vizuri.

Kidimu ana manyoya yaliyopinda kuelekea nje, kana kwamba amepulizwa na upepo kutoka nyuma. Naye hupunguza joto vizuri. Wafugaji hushauriwa wasimpandishe kidimu kwa kidimu, kwa sababu karibu robo ya watoto huwa na manyoya dhaifu yanayokatika na kuwaacha nusu uchi.

Bukini hana mkia. Jina hilo ndilo Waswahili wa zamani waliloita kisiwa cha Madagaska. Hapa makosa ni mengi, kwa kuwa kuku anayebadilisha manyoya au aliyenusurika kwenye makucha ya mwewe huonekana vilevile. Kidole humaliza ubishi. Kuku wa kawaida, hata akinyonyoka, ana kinundu cha nyama mwishoni mwa mgongo ambacho manyoya ya mkia huota juu yake. Bukini wa kuzaliwa hana kinundu hicho, na mgongo wake huishia kwa mviringo.

Ngozi na rangi ya miguu

Miguu ya kuku wa uani huwa ya njano, myeupe, ya kijivu au myeusi. Njano hutokana na kinasaba cha ngozi pamoja na chakula: kuku anayekula majani mabichi na mahindi ya njano huwa na njano iliyokolea. Tetea mwenye ngozi ya njano akitaga kwa muda mrefu, njano hiyo huhamia kwenye viini vya mayai na miguu yake hupauka. Miguu iliyopauka kwa hiyo inaweza kuwa ishara ya mtagaji hodari. Miguu minene yenye magamba yaliyoinuka isidhaniwe kuwa ya kuku wa aina kubwa. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa utitiri wanaojificha chini ya magamba.

Rangi

Rangi huonekana kwanza na kudanganya zaidi. Mweusi, mweupe, mwekundu, wa majivu, wa madoa, wa kanga: rangi zote hizi hupatikana katika karibu kila kundi la kuku wa asili, na tetea mmoja anaweza kuangua vifaranga wa rangi nne. Rangi husaidia pale tu inapoambatana na umbo. Rangi ya kanga, yenye mistari myeupe na myeusi, ina kanuni yake: tetea wa kanga huwarithisha watoto wake wa kiume peke yao, na jogoo mwenye kinasaba hicho mara mbili huwa na mistari myeupe zaidi kuliko tetea.

Damu ya kigeni

Kuku wa kigeni wameingia vijijini kwa miaka mingi, na kila mwaka wengine huonyeshwa kwenye viwanja vya Nanenane vya Nzuguni. Alama zao hubaki kwa wajukuu.

Rhode Island Red wa Marekani ni mwekundu wa kukolea, mkia mweusi, miguu ya njano, na hutaga mayai ya kahawia. Black Australorp wa Australia, anayeitwa na wengi "kuku wa Malawi", ni mweusi unaong'aa kijani juani, miguu ya kijivu na nyayo nyeupe. Light Sussex wa Uingereza ni mweupe, shingo na mkia vikiwa na weusi. Sasso wa Ufaransa mara nyingi ni wekundu wa kutu, wana mapaja mazito, na kampuni inayowazalisha ina koo zenye shingo tupu pia, kwa hiyo kishingo mzito mwekundu huenda si wa asili. Kuroiler wa India ndiye mgumu kumtofautisha, maana alizalishwa makusudi awe na rangi mchanganyiko kama kuku wa kijijini. Anajulikana kwa uzito wake mkononi na unene wa mifupa ya miguu.

Tabia huthibitisha umbo. Tetea wa asili hutaga mayai kumi na kitu, kisha hujinyonyoa kifua na kuatamia. Kuku wa kisasa na wengi wa chotara hutaga na kuondoka. Mnunuzi aliye mnadani, mbele ya tenga, hana nafasi ya kungoja kuatamia, lakini mdomo utamsaidia. Tetea mwekundu wa kahawia mwenye ncha ya mdomo wa juu iliyokatwa butu ni kuku wa mayai kutoka shamba la biashara, aliyemaliza muda wake, ambako hukatwa midomo ili wasidonoane. Hata akiuzwa kwa bei ya kienyeji, mdomo wake umekwisha sema.

Kutoa jina

Baada ya hatua zote, jibu la haki kwa kuku wengi wa uani ni maelezo mafupi: "tetea wa umbo la kati, kishingo wa mzazi mmoja, upanga wa msumeno, miguu ya njano, dalili za Sasso." Maelezo hayo yana manufaa kuliko jina kubwa la kubahatisha, kwa sababu ndiyo yanayomwongoza mfugaji kuchagua jogoo. Desturi ya kuuza jogoo mkubwa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye bei, huwaachia wadogo kazi ya kupanda, na kundi hudhoofika kidogo kidogo bila mtu kutambua. Jogoo aliyesomwa vizuri na kubakizwa kwa makusudi hubadilisha ua mzima ndani ya misimu michache.

Yale ambayo mwili wa kuku unayaficha, vifaranga huyatoa. Jogoo mmoja na tetea mmoja wakitengwa kwa wiki tatu kabla ya mayai kuanza kukusanywa, ili mbegu ya majogoo wa awali iishe, kiota kimoja cha mayai kumi na mawili huonyesha mengi. Vishingo wote, nusu, au hakuna. Wenye upanga wa msumeno kutoka kwa wazazi wenye upanga wa vipele. Wafupi kutoka kwa warefu. Kila kifaranga huandikwa sifa zake anapoangulwa na tena anapokomaa, na kwa daftari hilo aina ya wazazi hujulikana kwa uhakika zaidi kuliko kwa jicho peke yake.